Kulainisha triga ya Smith & Wesson Model 10 ya mtumba

Bastola ya silinda ya mtumba huwa na triga nzito kwa sababu tatu: uchafu, mafuta yaliyoganda, na alama za mashine ambazo hazikusuguliwa kiwandani. Ya nne, ambayo wengi huirukia kwanza, ni nguvu za springi. Mpangilio huo ndio nitakaoufuata hapa, kwa sababu nusu ya watu wanaonunua springi mpya walihitaji kopo la mafuta ya taa na mswaki.

Nimechagua Smith & Wesson Model 10 kwa kuwa ndiyo inayopatikana kirahisi Marekani. Familia yake ilianza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikapewa namba 10 mwaka 1957, na zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Polisi wa miji mingi waliibeba hadi walipohamia bastola za magazini miaka ya 1980 na 1990, kwa hiyo madukani zimejaa zile zilizochubuka nje kwa kuvaliwa kiunoni na ndani hazijafyatuliwa sana. Ni mashine nzuri ya kujifunzia. Maelezo haya yanafaa pia kwa ndugu zake wa ukubwa uleule wa bodi, kama Model 19. Hayafai kwa Colt, ambayo ndani yake ni dunia nyingine, wala kwa Ruger, ambayo haina hata bamba la ubavuni la kufungulia ndani.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Marekani mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kuishughulikia silaha yake mwenyewe bila leseni ya ufundi. Ukianza kutengeneza za wengine kama biashara, unahitaji leseni ya serikali kuu chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968. Majimbo nayo yana yake, yasome. Jambo moja ambalo ndugu zetu wengi walioko huko hawalijui: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kabisa kushika silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu yuko upande mwingine wa mstari huo. Tanzania na Kenya usiguse: ukarabati wa silaha ni kazi ya mwenye leseni, na kufungua bastola mezani kwako kunaweza kukugharimu hata kibali cha kuimiliki.

Tena, kama bastola hii ndiyo unayoitegemea kujilinda, iache na springi zake za kiwandani. Isafishe, basi. Triga iliyopunguzwa uzito ni ya uwanja wa shabaha. Mahakamani wakili wa upande wa pili atapenda sana kuuliza ni nani aliyeilegeza, na kwa nini.

Maneno mawili tutakayoyatumia

Model 10 hufyatuka kwa njia mbili. Ukivuta triga tu, triga hiyohiyo huinua nyundo, huzungusha silinda, kisha huachia. Huu nitauita mvuto mrefu. Ukiinua nyundo kwanza kwa kidole gumba, triga hubaki na kazi ya kuachia tu. Huu ni mvuto mfupi. Kazi yote ya mwongozo huu ni kwa ajili ya mvuto mrefu. Mvuto mfupi wa bastola hizi hutoka kiwandani ukiwa mzuri, na kuuchezea ndiko kunakozaa bastola inayofyatuka yenyewe. Tutaupima, tutaulinda, hatutaugusa.

Vifaa

Bisibisi za mafundi bunduki, zile ambazo ncha yake ina kuta zilizo sambamba. Bisibisi ya kawaida ina ncha ya kabari. Hupanda juu ya mfereji wa skrubu na kuuchana. Skrubu zilizochanwa vichwa ndizo zinazomwambia mnunuzi kwamba mtu asiyejua alishapita humu, na bei hushuka pale pale.

Kinoo kidogo chenye chembe laini kabisa, cha jiwe gumu la Arkansas au cha kauri, kilicho bapa na chenye kona kali. Kama una msasa wa namba 600 na 1000, ubandike juu ya kipande cha kioo. Unafaa kwa sehemu moja tu tutakayoitaja. Tupa hazihitajiki. Mashine ndogo ya kuzungusha mawe, ile ya umeme inayoshikwa mkononi, ifungie kabatini na ufunguo umpe mtu mwingine. Inaharibu kwa sekunde kile ambacho kinoo kingehitaji siku nzima kukiharibu.

Mizani ya kuvutia triga. Ile ya springi inatosha, ya umeme ni bora. Fila geji, ileile mafundi magari wanayopimia valvu. Mafuta ya taa au dawa ya kusafishia breki, mswaki, vitambaa visivyotoa nyuzi, mafuta mepesi ya bunduki na grisi kidogo. Kalamu ya wino mzito. Risasi bandia sita za .38 Special, aina ya risasi ya bastola hii. Miwani ya kazi, na hii si mapambo: kuna springi moja humo ndani inayopenda macho.

Kwanza, risasi zitoke chumbani

Fungua silinda, toa kila kitu, hesabu matundu sita matupu, yapitishe kidole gizani hata kama unayaona. Risasi zote za kweli zipeleke chumba kingine. Risasi bandia ziwe za rangi isiyoweza kufananishwa na za kweli. Kila utakaporudi mezani kutoka kunywa chai, fungua silinda tena. Zoezi hili linachosha, na ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Pima kabla ya kugusa

Andika namba. Kumbukumbu ya kidole hudanganya. Baada ya kazi ya mchana kutwa kila triga huonekana laini.

Mvuto mrefu upime kwa kila tundu la silinda, yaani mara sita, na uandike kila moja. Bastola nzima ya aina hii huwa kati ya ratili 10 na 12, yaani kilo 4.5 hadi 5.4 hivi. Mizani hiyo iguse triga katikati na uvute nyuma moja kwa moja, polepole. Ukiona matundu matano yanakaribiana na la sita limezidi kwa ratili mbili, tatizo si triga, ni silinda au kinachoizungusha. Mvuto mfupi mara nyingi ni ratili 3 hadi 4.

Halafu fanya vipimo vya afya. Inua nyundo polepole sana huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa wepesi ili isijisukume kwa kasi yake. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho wa safari. Rudia kwa matundu yote sita. Ikichelewa kujifunga, bastola ina ugonjwa wa mpangilio na inahitaji fundi. Kulainisha triga kutaficha tu kilio chake. Nyundo ikiwa imeinuliwa, isukume kuelekea mbele, kutokea nyuma yake, kwa kidole gumba, kwa nguvu ya wastani, vidole vikiwa mbali na triga. Isianguke. Ikianguka, mtu alishaisaga sehemu ya kuachia, na bastola hiyo usiifyatue risasi hadi ipate nyundo na triga nyingine zilizolinganishwa na fundi.

Ingiza fila geji kati ya silinda na mtutu. Kati ya milimita 0.10 na 0.25 ni sawa. Silinda inapogusa mtutu, mvuto mrefu hukwaruza, na hakuna kinoo kitakachokusaidia.

Angalia pia skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini, upande wa chini. Hiyo ndiyo inayokunja springi kuu. Wamiliki wavivu huilegeza ili triga iwe nyepesi, au hukata ncha yake. Kaza hadi mwisho, kisha pima tena. Kama ilikuwa imelegezwa, namba zako za kwanza hazina maana. Kama imekatwa, agiza mpya; bei yake ni ya soda chache.

Safisha nje kabla ya kufungua ndani

Ukiisukuma fimbo ya kutolea maganda, nyota ya chuma hutoka nyuma ya silinda. Chini ya nyota hiyo hujificha chembe za baruti zisizoungua. Chembe tatu tu zinatosha kuisukuma nyota nje, silinda ikagusa ukuta wa nyuma, na triga ikawa nzito kama ya mzinga. Piga mswaki pale, upande wa nyota na upande wa silinda, kisha futa pakauke. Usitie mafuta mengi. Yatakamata uchafu mpya.

Fimbo yenyewe izungushe huku ukiitazama kwa ubavu. Ikiyumba, imepinda, na hapo ndipo lile tundu la sita lenye uzito wa ziada linapotoka. Ikiwa imelegea, ikaze kwa mkono tu. Nyingi zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyuzi zake zimegeuzwa, hukazwa kwa kuzungusha kushoto.

Pima tena. Wengine safari yao itaishia hapa, na si aibu.

Kufungua

Tandika taulo jeupe. Piga picha kila hatua.

1. Toa vibao vya mpini. Vikigoma, legeza skrubu yake nusu na uigonge kidogo kichwani. Kibao cha upande wa pili kitainuka. Usikichokoe kwa bisibisi.

2. Legeza skrubu ya springi kuu, kisha itelezeshe springi, ule ulimi mrefu wa chuma bapa, itoke kwenye nyundo.

3. Bamba la ubavuni liko upande wa kulia. Skrubu ya mbele ndiyo pia inayoushika mkono wa silinda. Ilitengenezwa kwa ajili ya tundu lake, kwa hiyo usiichanganye na wenzake. Ile ya nyuma hujificha chini ya kibao cha mpini. Bastola za zamani zaidi zina skrubu moja au mbili za ziada. Ziweke kwenye kadibodi uliyoitoboa kwa mpangilio uleule.

4. Skrubu ya mbele ikitoka, fungua silinda na uitelezeshe mbele pamoja na mkono wake.

5. Sasa bamba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bamba hili lilisagwa pamoja na bodi yake hadi mstari wa maungio usionekane. Ukilichokoa, utauona milele. Shika bastola ubavu wa kulia ukitazama juu, ugonge mpini wake kwa kishikio cha mti cha nyundo ya kawaida, kidogokidogo, kama mtu anayeamsha mgeni. Mtikisiko utaliinua bamba lenyewe. Likigoma, dondosha mafuta ya kulegeza kutu, lala, rudi kesho.

6. Kipande chembamba kirefu kitakachoanguka au kubaki kimening'inia ni kizuizi cha nyundo. Kiheshimu. Mwishoni mwa mwaka 1944 bastola ya aina hii iliyokuwa kwa wanamaji wa Marekani ilianguka kwenye sitaha ya meli, ikajifyatua na kumuua baharia. Kiwanda kikabadilisha kizuizi hicho mwanzoni mwa 1945, na muundo huo ndio ulio mkononi mwako. Kuna watu hukiondoa na kukitupa kwa madai kwamba kinasugua. Bastola bila kipande hicho usiinunue, na yako usiifunge bila hicho.

7. Kwa kuwa silinda haipo, nyundo imefungwa. Vuta nyuma kitufe cha kidole gumba, kile cha kufungulia silinda, kisha vuta triga kidogo. Nyundo itarudi nyuma nawe utaiinua itoke kwenye nguzo yake.

8. Nyuma ya triga kuna kitelezi, tofali dogo la chuma lenye springi ya kuviringika tumboni. Hiyo ndiyo springi inayopenda macho. Vaa miwani. Funika kwa kitambaa au fanya kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani, ibane springi kwa bisibisi nyembamba ipite nguzo inayoizuia, kisha inua mwisho wa nyuma wa kitelezi. Ilegeze taratibu.

9. Vuta nyuma kidole cha kusukumia silinda, uinue triga pamoja nacho. Kufuli la silinda mbele ya triga liache mahali pake kama ni safi.

Kuosha

Tumbukiza kila kipande, isipokuwa vibao vya mpini, kwenye mafuta ya taa. Ndani ya bodi piga mswaki. Utakachokiona kwenye bastola iliyokaa droo la polisi kwa miaka 20 ni kitu cha rangi ya kahawia, kigumu kama gundi: ni mafuta yaliyotiwa mengi na mtu mwenye nia njema. Ondoa yote. Ufuate mfereji wa kitelezi, shimo la ndani ya kitelezi, na nguzo ambazo nyundo na triga huzungukia. Usizigonge wala kuzikwangua nguzo hizo. Zikipinda, bodi ni ya kutupa.

Osha mikono kabla ya kushika chakula. Uchafu huo una risasi, madini yenyewe, na hauna dawa ya kienyeji.

Sasa paka mafuta tone moja moja, rudisha kila kitu bila kusugua chochote, na upime. Najua inakera kufunga na kufungua tena. Lakini ndiyo njia pekee ya kujua uchafu ulichukua ratili ngapi, na mara nyingi ulichukua nyingi kuliko kinoo kitakavyochukua.

Kusugua: mahali panaporuhusiwa

Nyundo na triga za bastola hizi zimetiwa ugumu wa juujuu tu. Ngozi ngumu hiyo ni nyembamba kuliko unavyodhani, na chini yake ni chuma laini. Ukiipita, sehemu italika ndani ya muda mfupi, na haitarudi. Kwa hiyo lengo ni kukata vile vimeno vidogo vilivyoachwa na mashine, siyo kubadilisha umbo. Sehemu ikianza kung'aa kwenye vilele huku mabonde ya mikwaruzo yakionekana bado, acha. Vilele ndivyo vilivyokuwa vinakwaruza. Mabonde yatashika mafuta.

Kazi kubwa iko kwenye kitelezi. Paka wino tumbo lake na mbavu zake mbili, kirudishe na triga bila springi, kisukume mbele na nyuma mara kadhaa, kitoe. Palipofutika wino ndipo panapogusa. Weka kitelezi juu ya kinoo kilichopakwa mafuta, au juu ya msasa ulio kwenye kioo, ukisugue kwa mwelekeo kinaosafiria, kikiwa kimelala bapa. Usikitikise kama jahazi, kona zitaviringika. Vilele vya tumbo, vilele vya ubavu unaotazama bodi, kisha vya ubavu unaotazama bamba. Kingo zake kali ziguse kwa kinoo mara moja ili zisikwangue. Sehemu ya juu ya kitelezi, ile nundu ambayo mguu wa nyundo hukalia, usiiguse. Hiyo huizuia nyundo isifike mbele triga ikiwa imeachiwa. Ni usalama, siyo msuguano.

Njia ya kitelezi ndani ya bodi ipitishe kinoo chembamba kilicho bapa, mapigo machache, kwa kusikilizia. Mwanzoni kitakwaruza, kisha kitanyamaza. Kikinyamaza, toa.

Mbavu za nyundo na triga zitazame kwenye mwanga. Ukiona mstari ung'aao upande mmoja, nyundo inaegemea bodi. Usiisugue hiyo nyundo. Rangi yake nzuri ya marumaru itapotea na bado itaegemea. Dawa ni washa, pete ya chuma nyembamba kama karatasi, inayowekwa kwenye nguzo ili nyundo isimame katikati. Zinauzwa kwa vifurushi kwa ajili ya kazi hii.

Ndani ya bamba la ubavuni kuna mfereji wa kile kizuizi cha nyundo. Kama una mikwaruzo mikali, kizuizi chenyewe, siyo mfereji, kinaweza kupitishwa kinoo kwenye ubavu wake bapa. Kiteleze kwa uzito wake mwenyewe, inatosha.

Na sasa orodha ya haramu: ncha ya juu ya triga, jino la nyundo inakokaa ikiwa imeinuliwa, na kale kaulimi kenye springi kifuani mwa nyundo ambako triga hukainua katika mvuto mrefu. Sehemu hizi pembe zake zilipimwa. Ukisugua hata kwa nia ya kung'arisha tu, unabadilisha pembe, na pembe ikibadilika lile jaribio la kusukuma nyundo kwa kidole gumba litashindwa, leo au baada ya mwezi. Mafundi wa kazi hii wana vishikio maalumu vya kubana vipande hivyo. Wewe na mimi mezani hatuna.

Springi

Kama baada ya hayo yote bado unataka wepesi, anza na springi ya kitelezi. Ya kiwandani ni kama ratili 18. Kampuni ya Wolff ya Marekani huuza nyepesi zaidi, zimepangwa kwa ratili, hadi 11. Nunua mbili au tatu. Ushauri wangu ni 15, na usishuke chini ya 14. Springi hii ndiyo inayoirudisha triga mbele baada ya kufyatua. Ikiwa dhaifu, kidole cha mpigaji mwenye haraka kitavuta tena kabla triga haijafika, na mashine itakwama katikati. Usikate pindi za springi ya zamani. Ncha iliyokatwa hukwaruza lile shimo ulilolisafisha, na hutaweza kurudi ulikotoka.

Springi kuu mimi huiacha. Inapopunguzwa, nyundo hupiga fataki, kile kidonge cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, kwa udhaifu, na fataki za Marekani hazilingani: za Federal ni laini, za CCI ni ngumu. Bastola inayolipua Federal tu ni bastola inayomchagulia mwenyewe duka la kununulia. Ukipunguza moja, ipunguze ya kitelezi. Uzito mwingi unaousikia mwanzoni mwa mvuto mrefu ni wake.

Ipo pia njia ya wavumilivu, isiyohitaji kinoo wala springi: risasi bandia, na kufyatua mara elfu moja mbele ya ukuta mgumu usio na mtu nyuma yake. Vipande hung'arishana vyenyewe mahali hasa panapogusana. Kidole nacho hupata nguvu, na hapo huwezi kujua ni kipi kilichobadilika.

Kufunga

Grisi kidogo kwenye tumbo la kitelezi, tone la mafuta kwenye kila nguzo, tone kwenye kidole cha kusukumia silinda. Basi. Mafuta mengi ndiyo yaliyokuleta hapa.

Rudisha kwa kinyume: triga na kidole chake, kitelezi na springi (miwani!), nyundo, kisha kizuizi cha nyundo kikiwa kimenasa kwenye kipini cha kitelezi, ili kiingie kwenye mfereji wake ulio ndani ya bamba. Bamba lilaze mahali pake kwa vidole, ukilianzia juu, na uligonge kwa mti wa nyundo hadi likae. Usilivute kwa skrubu. Likikataa, kuna kitu kiko kombo ndani, mara nyingi ni kile kizuizi. Rudisha silinda na mkono wake kisha skrubu ya mbele. Springi kuu mwisho, na skrubu yake ikazwe hadi igote.

Majaribio, kwa mpangilio huu

Ukiwa na risasi bandia: vuta mvuto mrefu mara sita na mfupi mara sita, ukisikiliza. Baada ya kila mvuto iachie triga polepole kabisa, kama unayeogopa kumwamsha mtoto. Irudi yenyewe hadi mwisho bila kusita. Ikisita, springi ya kitelezi ni dhaifu au kitelezi kinagusa mahali.

Rudia lile jaribio la kusukuma nyundo iliyoinuliwa. Rudia kufunga silinda kwa matundu sita. Kisha, nyundo ikiwa chini na triga imeachiwa, isukume nyundo mbele kwa kidole na utazame kwa ubavu kati ya silinda na ukuta wa nyuma: ncha ya pini inayopiga fataki isichungulie.

Jaribio la penseli ni la bure na linasema mengi. Toa risasi bandia zote. Inua nyundo kwanza, kwa kuwa silinda haiwezi kuzunguka penseli ikiwa ndani, kisha dondosha penseli isiyochongwa mtutuni, upande wa raba ukitangulia, mtutu ukitazama juu. Vuta triga. Penseli iruke nje kwa nguvu. Ikijinyanyua kidogo tu na kurudi, pigo la nyundo ni dhaifu, rudi kwenye skrubu ya springi kuu.

Pima mizani. Ukipata mvuto mrefu wa ratili 8 hadi 9 usio na vikwazo njiani, umemaliza, usiendelee kutafuta 6. Mvuto mfupi ukishuka chini ya ratili 2.5 hali hujagusa jino la nyundo, kuna mtu alilisaga kabla yako. Mpelekee fundi mwenye leseni.

Uwanjani tia risasi moja kwanza. Fyatua. Halafu mbili. Ukijiridhisha kwamba kila mvuto hutoa mlio mmoja, jaza sita. Peleka risasi 50 zenye fataki ngumu na uzipige zote kwa mvuto mrefu, kwa sababu nyundo katika mvuto huo huanguka kutoka umbali mfupi zaidi na hivyo hupiga kwa nguvu ndogo zaidi. Risasi ikigoma kulipuka, ielekeze bastola shabaha na uhesabu nusu dakika kabla ya kufungua silinda. Yatazame maganda: shimo la pini liwe katikati ya fataki na la kina kile kile. Ikigoma hata moja kati ya hizo 50, springi ya kiwandani inarudi.

Springi ulizozitoa zitie kwenye bahasha pamoja na karatasi ya vipimo vyako vya kwanza na vya mwisho. Siku ukiiuza bastola, bahasha iende nayo.